Karne ya Maswali: Jinsi Mara Ilivyochunguzwa

Mkoa wa Mara umehojiwa kuliko unavyojulikana. Tangu Wajerumani waweke boma lao Shirati hadi leo, watu wa pande za Musoma, Bunda na Butiama wameulizwa kila aina ya swali: mtemi wenu ni nani, mna ng'ombe wangapi, mahari hutolewa vipi, matundu ya nyavu zenu ni inchi ngapi, nyama mliyokula juzi ilitoka wapi. Waulizwaji ni walewale, baba kisha mwana kisha mjukuu. Waulizaji ndio waliokuwa wakibadilika: mwanajeshi, bwana shauri, padri, mchumi, mwanahistoria, mtaalamu wa wanyama. Ukiyapanga maswali hayo kwa miaka, utaona kwamba elimu ya jamii haikuingia Mara kwa udadisi mtupu. Iliingia kwa haja ya mwenye mamlaka, na kila haja ilipogeuka, swali nalo liligeuka.

Kabla ya 1910: nchi iliyotoka kwenye maafa

Haina maana kwamba kabla ya hapo watu hawakujichunguza. Jamii za Mara zilikuwa na utaratibu wao wa kutunza kumbukumbu. Kila mtu alikuwa na rikora lake, yaani kizazi alichowekwa kwa kufuata kizazi cha baba yake, na makundi ya rika yaliyotahiriwa pamoja yalikuwa na majina. Mzee hakusema jambo fulani lilitokea mwaka gani. Alisema lilitokea wakati rika fulani ni vijana, na waliomsikiliza wakaelewa.

Katika kumbukumbu hizo, mwisho wa karne ya 19 ni kidonda. Kuanzia miaka ya 1890 hivi, sotoka ilifyeka ng'ombe, ndui ikafuata, mvua zikakatika, mashambulizi ya Wamasai yakaongezeka. Watu waliacha makazi yao ya nyikani, wengine wakatembea hadi Usukuma kutafuta chakula, na wengi hawakurudi. Vichaka vikaota palipokuwa na mashamba, mbung'o wakafuata vichaka, na wanyama wa porini wakaingia.

Wazungu wa kwanza kuandika walifika wakati huohuo. Paul Kollmann, afisa wa Kijerumani, alichapisha kitabu chake kuhusu nchi zinazozunguka Ziwa Victoria mwaka 1899. Max Weiss, naye mwanajeshi, alitoa kitabu kinene mwaka 1910 kuhusu makabila ya kaskazini mwa koloni, Wakuria wakiwemo. Walipima, walipiga picha, walichora mikuki na nyumba. Lakini walichokiona ni jamii iliyotoka kuangushwa na njaa na magonjwa, wakadhani ndivyo ilivyokuwa siku zote. Pori tupu waliloliona upande wa mashariki wakalihesabu kuwa pori la asili. Kosa hilo la kuchukua picha ya mwaka mmoja kuwa historia nzima lilikuja kuwagharimu watu wa Bunda na Serengeti nusu karne baadaye.

1925 hadi 1939: bwana shauri anatafuta mtemi

Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika, Gavana Donald Cameron aliyefika mwaka 1925 alitaka kutawala kupitia watawala wa asili. Kwa Wasukuma na Wahaya kazi ilikuwa nyepesi, kwa kuwa watemi na wakama walikuwepo. Musoma ilimtia kizunguzungu. Wazanaki, Wakuria, Wangoreme na majirani zao hawakuwa na mfalme. Waliamuliwa na wazee wa rika, wakawasikiliza waganga wa mvua na watabiri, na kila ukoo ulikuwa na sauti yake.

Hapo ndipo utafiti ulipogeuka kuwa kazi ya ofisi. Kila boma lilitakiwa kuwa na daftari la wilaya, ambamo bwana shauri aliandika asili ya makabila, mila, sheria za ardhi na orodha za watawala. Aliyeandika sana kuhusu Musoma ni E. C. Baker. Mwaka 1927 alichapisha makala kuhusu rika za wilaya ya Musoma katika jarida la wanaanthropolojia wa London, na mwaka 1935 akaandika kuhusu Wakuria wa Mara Kaskazini. Baker alisikiliza. Maandishi yake bado yanasomwa, kwa kuwa aliona kwamba mamlaka ya kweli yalikuwa kwenye rika, wala si kwenye kiti cha mtu mmoja. Hata hivyo serikali iliyomwajiri ilihitaji mtu mmoja wa kukusanya kodi na kusaini karatasi, basi watemi wakaendelea kusimikwa na kuungwa mkono.

Mmoja wa watemi wa enzi hiyo alikuwa Nyerere Burito wa Butiama, aliyeshika utemi mwaka 1915 na kufariki mwaka 1942. Alikuwa na wake 22. Mke wake wa tano, Mugaya Nyang'ombe, alimzaa mwaka 1922 mtoto aliyeitwa Kambarage, ndiye Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa baadaye.

Kando ya hayo, ziwa nalo lilipata mtafiti wake. Nyavu za kisasa za kutegesha zilikuwa zimeingia kupitia Ghuba ya Kavirondo tangu 1905, na ngege, samaki aliyependwa kuliko wote, akaanza kupungua. Mwaka 1927 na 1928 Michael Graham alilizunguka ziwa kwa meli ya utafiti, na ripoti yake ikatoka mwaka 1929. Alipendekeza nyavu zisiwe na matundu chini ya inchi 5. Nionavyo mimi, hilo ndilo pendekezo la kwanza la uendelevu lililowafikia wavuvi wa Musoma, ingawa neno lenyewe halikuwepo. Nalo lilikuja kwa sura tuliyoizoea hadi leo: kipimo kilichopatikana kwa hesabu za samaki, kikapelekwa kwa mvuvi kama amri, bila mtu kuuliza mvuvi huyo anaishije mwezi ambao wavu wake hauruhusiwi.

1934 hadi 1962: aliyechunguzwa anakuwa mchunguzi

Kambarage alianza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Akaenda Tabora, kisha Makerere kuanzia 1943. Huko, akiwa mwanafunzi wa ualimu, aliandika kuhusu hali ya wanawake akitumia hoja za John Stuart Mill na kuzipima kwa maisha ya kwao Uzanaki. Mtoto wa mke wa tano kati ya 22 hakuhitaji dodoso ili kujua mzigo wa kazi wa mama yake.

Mwaka 1949 alikwenda Edinburgh, akarudi mwaka 1952 na shahada ya M.A. Katika masomo yake yalikuwemo historia, uchumi wa kisiasa, falsafa ya maadili na anthropolojia ya jamii. Tuliweke hili wazi, kwa kuwa husahaulika: mtu aliyeliongoza taifa hili miaka 24 ya mwanzo alikuwa amesomeshwa kuzitazama jamii kama yake kwa macho ya msomi wa nje. Alisoma namna Wazungu walivyozieleza jamii za Kiafrika, huku yeye mwenyewe akitoka ndani ya mojawapo.

Mwaka 1962 akatoa kijitabu kuhusu ujamaa. Alisema jamii ya jadi ya Kiafrika haikuwa na mnyonyaji, kila mtu alikuwa mfanyakazi, na mgeni alilishwa siku mbili kisha akapewa jembe. Ni maelezo ya jamii yaliyogeuzwa kuwa sera ya nchi nzima. Je, yalikuwa ya kweli? Kwa sehemu. Uzanaki wa rika na kazi za pamoja ulikuwepo. Lakini boma la mtemi mwenye wake 22 lilikuwepo pia, na wanawake waliolima mashamba ya boma hilo wangekuwa na la kusema kuhusu unyonyaji. Mwanafunzi wa Makerere aliyeandika juu ya wanawake alikuwa amelijua hilo. Mwanasiasa wa 1962 alihitaji kitu cha kuwaunganisha watu.

Miaka ya 1960: Waswisi, mahari na nyumba ntobhu

Wakati siasa ikijenga picha moja ya jamii ya Kiafrika, wasomi wachache walikuwa vijijini wakionesha kwamba hata ndani ya Mara picha ni nyingi. Malcolm Ruel, Mwingereza, alikuwa ameanza na Wakuria miaka ya 1950, akaandika mwaka 1962 kuhusu vizazi vyao. Kutoka Chuo Kikuu cha Fribourg, Uswisi, Otto Bischofberger alichapisha mwaka 1972 kitabu kuhusu vizazi vya Wazanaki, na Hugo Huber akatoa mwaka 1973 kitabu kuhusu ndoa na familia Bukwaya, nchi inayozunguka mji wa Musoma.

Kwa Huber tunapaswa kusimama kidogo. Wakwaya wa pwani ya ziwa waliwahi kufuata urithi wa upande wa mama, tofauti na majirani zao wafugaji. Mahari ya ng'ombe ilipozidi nguvu, watoto na mali vikaanza kuvutwa upande wa baba. Hapo uchumi na ukoo haviwezi kutenganishwa: ng'ombe aliyetoka zizi moja kwenda jingine alihamisha haki juu ya mtoto ambaye hajazaliwa. Huber huyohuyo aliandika mwaka 1969 kuhusu ndoa ambayo mwanamke mwenye mifugo, asiye na mtoto wa kiume, hutoa mahari na kumwoa binti, ili watoto atakaowazaa wawe wa nyumba yake. Wenyeji huiita nyumba ntobhu. Gazeti likiiandika leo huiandika kama kioja. Kwa mtafiti aliyekaa na kufuata ng'ombe wanakwenda wapi, ilikuwa njia ya mjane kulinda shamba na uzee wake katika jamii ambayo ardhi hupitia kwa mwana wa kiume. Sheria ya Ndoa ya 1971 haikuitambua, na mabinti walioolewa hivyo wamebaki bila kinga ya sheria hiyo.

1967 hadi 1977: sera yatangulia, utafiti wafuata

Baada ya Azimio la Arusha, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichemka. Wanahistoria chini ya Terence Ranger na Isaria Kimambo walikuwa wakiandika upya historia ya nchi kwa masimulizi ya wazee. Ofisi ya utafiti wa uchumi na ile ya tathmini ya rasilimali na mipango ya ardhi zilituma wanafunzi mikoani. Issa Shivji alikuwa akihoji kama nchi inajenga ujamaa au inalea tabaka jipya la wakubwa wa serikali.

Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma. Azimio la Musoma likaagiza elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwaka 1977 badala ya 1989, shule ziwe na kazi za uzalishaji, na wanaomaliza kidato cha 6 wasiingie chuo kikuu moja kwa moja bali wapitie jeshi la kujenga taifa na kazini kwanza. Kwa wasomi wa jamii hilo lilikuwa na maana kubwa: madarasa yakaanza kupokea watu waliokwisha kufundisha, kusimamia ghala au kuendesha ofisi ya kata. Sharti hilo lililegezwa baadaye.

Mwaka uleule, operesheni ya kuhamia vijijini ilikuwa ikipita Mara. Kaya zilizotawanyika kwenye miinuko na mbugani zilipangwa mistari kando ya barabara. Watafiti walikuja baadaye kupima matokeo: umbali wa shamba, kuni, maji, mmomonyoko kuzunguka kijiji kilichojaa watu na ng'ombe mahali pamoja. Si haki kusema hakuna aliyejua kabla. Wazee walijua kwa nini babu zao walitawanyika. Hakuna aliyewauliza, na Butiama, kijijini kwa Rais, haikuwa tofauti sana na kwingine.

Kuanzia miaka ya 1980: wazee wanashika kalamu

Uchumi ulipoporomoka na fedha za utafiti kukauka, jambo lisilotarajiwa lilitokea. Watu wa Mara walianza kuandika historia zao wenyewe, kwa Kiswahili, wengine kwa mkono na wengine kwa mashine ya chapa, bila mfadhili wala profesa. Wakiroba walikusanya masimulizi ya koo zao. P. M. Mturi na S. Sasora waliandika historia ya Ikizu na Sizaki.

Aliyezipa kazi hizo nafasi katika elimu ya dunia ni Jan Bender Shetler, Mmarekani aliyekuja Mara miaka ya 1980 kupitia Wakristo wa madhehebu ya Mennonite, akakaa, akajifunza lugha, kisha akawa mwanahistoria. Mwaka 2003 alichapisha kitabu chenye historia hizo zilizoandikwa na wenyeji, na majina yao yakiwa juu ya kazi zao. Mwaka 2007 akatoa kitabu chake kuhusu Serengeti. Humo alifuata namna wazee wanavyoikumbuka nchi kwa mahali: kilima kilipokuwa kijiji, chemchemi ya sadaka, pahala pa emisambwa, yaani mizimu ya nchi, ambapo sasa ni ndani ya hifadhi na hakuna anayeruhusiwa kuingia na mbuzi wa matambiko. Lile pori tupu ambalo Wajerumani walidhani ni la asili likapata majina ya watu waliokaa humo.

Shetler alikiri pia kuwa alianza kwa kuwasikiliza wanaume, kwa kuwa ndio ambao jamii ilimwelekeza kwao kuwa wajuzi wa historia. Kitabu chake cha 2019 kinarudi kwa wanawake, na historia inageuka. Wanaume walisimulia asili ya koo na mipaka ya makabila. Wanawake walisimulia nani aliolewa wapi, nani alimpokea nani wakati wa njaa, urafiki uliovuka mipaka hiyohiyo ambayo waume zao waliilinda. Maafisa wa kikoloni waliohoji wazee wa kiume tu walijaza madaftari yao makabila.

1985 hadi 2013: Bunda na swali lisilojibika

Sehemu ya Serengeti ilikuwa pori la akiba tangu 1929, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na baadaye ukanda wa magharibi ukasogea hadi karibu na ziwa. Wilaya ya Bunda imekaa mlangoni pa ukanda huo. Anayepita barabara ya Mwanza kwenda Musoma analiona lango la Ndabaka, nyumbu upande mmoja na mashamba ya pamba upande wa pili.

Kuanzia miaka ya 1980, wahifadhi waligundua kwamba kuhesabu wanyama hakutoshi, lazima wahesabu pia watu. Utafiti wa Martin Loibooki na wenzake, uliotoka mwaka 2002, ulikadiria kuwa watu kati ya 52,000 na 60,000 walishiriki uwindaji haramu, wengi wao vijana. Ukaonesha kwamba mwenye mifugo ya kutosha au njia nyingine ya kipato na kitoweo hakuwa mwepesi wa kwenda kutega. Jafari Kideghesho, Mtanzania aliyeandika tasnifu yake mwaka 2006 kuhusu mgogoro wa ardhi na wanyamapori magharibi mwa Serengeti, alitazama upande wa pili wa mizani: gharama anayobeba mwanakijiji ambaye tembo wamekula shamba lake, ikilinganishwa na faida anayoahidiwa.

Tatizo lilibaki moja. Ukimwuliza mtu mlangoni kwake kama anawinda hifadhini, atakujibu nini, na faini au jela vinamsubiri? Ana Nuno na wenzake walipata njia, wakaichapisha mwaka 2013. Kundi moja la kaya lilipewa orodha ya shughuli za kawaida za kujipatia riziki, kundi jingine likapewa orodha ileile na uwindaji ukiongezwa. Mhojiwa hakutaja anafanya lipi. Alisema tu idadi: mawili, matatu. Tofauti ya wastani kati ya makundi hayo ndiyo iliyotoa siri, na hakuna kaya iliyojulikana. Jibu lilikuwa asilimia 18 ya kaya. Ni mbinu ya hesabu, lakini mimi naiona kuwa ya heshima pia: mtafiti amekubali kwamba mhojiwa ana haki ya kuficha.

Ziwa tena

Sangara, aliyepandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, alilipuka miaka ya 1980. Watafiti wa Kiholanzi na wa Kitanzania waliokuwa Mwanza tangu 1977 wakishughulika na samaki wadogo waitwao furu wakajikuta wanaandika taarifa za msiba, aina kwa mamia zikitoweka. Miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikafunguliwa Mwanza na Musoma. Ndipo wachumi na wanasosholojia walipogundua mwalo, mahali mitumbwi inaposhusha samaki. Waliwakuta wanawake ambao zamani walinunua samaki mitumbwini na kuwakausha, sasa wakisukumwa kwenye dagaa na mapanki, yaani mabaki ya sangara aliyekatwa minofu, kwa kuwa magari ya viwanda yalibeba sangara wote wazima. Walikuta mkopo wa nyavu unaomfunga mvuvi kwa tajiri mmoja. Ulaya iliposimamisha ununuzi mwaka 1999 kwa hofu ya sumu, mwalo wa Mwigobero mjini Musoma ulitikisika kwa uamuzi uliofanywa Brussels.

Vikundi vya ulinzi shirikishi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kama BMU, vilizaliwa kutokana na wazo kwamba mvuvi awe sehemu ya usimamizi. Lakini mwaka 2018 Operesheni Sangara ilipopita ikichoma nyavu, mabishano yalirudi palepale alipoyaacha Graham mwaka 1929: inchi ngapi.

Leo

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,743,830 mkoani Mara, ya 2022 ikahesabu 2,372,015. Ardhi haikuongezeka. Wakazi wa kata ya Nyatwali, Bunda, walitakiwa kuhama ili hifadhi ifike ziwani, na hesabu za fidia zikazua mjadala ambao wachumi wa ardhi, wanasheria na wanaikolojia kila mmoja aliujibu kivyake. Butiama, wilaya tangu 2012, imepewa chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu. Maana yake ni kwamba mtafiti anaweza kuwa na chuo kikuu palepale anapotafiti.

Lakini vitabu vingi nilivyovitaja hapa vimeandikwa kwa Kijerumani au Kiingereza, vimechapishwa Ulaya na Marekani, na bei yake ni kubwa kwa mwalimu wa sekondari. Mtu wa Bunda aliyejibu maswali ya Loibooki au ya Nuno hana pa kwenda kusoma alichosema. Kibali cha utafiti hupita tume ya sayansi, mkoa, wilaya, hadi kwa mwenyekiti wa kijiji anayegonga muhuri, na safari ya kurudisha matokeo mara nyingi huishia Dar es Salaam. Wewe mwanafunzi utakayeshuka stendi ya Bunda au Musoma mwaka huu na dodoso lako mkononi, andika muhtasari wa kurasa 4 kwa Kiswahili, uurudishe ofisi ya kijiji ulikogongewa muhuri, usomwe kwenye mkutano wa hadhara, na waliokujibu wapewe nafasi ya kukusahihisha.